Kamati ya Mtu Aliye Hai

Kwetu Morogoro mtu akitaka kuoa, kamati huundwa miezi kadhaa kabla: mwenyekiti, katibu, mweka hazina, watu wa chakula, watu wa mapambo. Mtu akifa, jioni ileile daftari la rambirambi limeshafunguliwa, turubai limefungwa, wanawake wako jikoni na wanaume wameshaulizana nani anasimamia kaburi. Kazi hizo tunazijua, na tunazifanya vizuri. Lakini mtu akiugua ugonjwa mrefu tunampelekea pole. Tunakuja na kilo mbili za sukari, tunakaa nusu saa, tunaguna, tunaaga. Mimi nimeugua saratani ya titi, nimetibiwa nikamaliza, na ninaamini nimemaliza kwa sababu mjomba wangu aliukataa utaratibu huo.

Sisi ni Waluguru. Ukoo wetu unafuata upande wa mama, kwa hiyo mjomba, kaka yake mama, ndiye mwenye neno kwenye mambo mazito. Majibu yangu yalipotoka, mume wangu alimpigia yeye kwanza. Jumapili iliyofuata watu wazima wa pande zote mbili walijaa sebuleni kwetu Kihonda, mashemeji na mawifi wakiwemo. Mjomba alisali, akakaa kimya kidogo, halafu akasema: "Huyu hajafa, na wala haolewi. Lakini leo tunamuundia kamati." Akaanza kugawa kazi kwa majina. Aliyejibu "tutaangalia" aliulizwa hapohapo: utaangalia lini, na usipoweza nani ashike nafasi yako?

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Kinundu nilikigusa nikiwa bafuni, upande wa juu wa titi la kushoto, karibu na kwapa. Kilikuwa kigumu, hakitembei sana kikisukumwa, na hakiumi. Hili la kutouma ndilo linalowaponza wanawake wengi, maana tumelelewa kuamini kwamba ugonjwa lazima uume. Kituo cha kwanza nilichokwenda nilipewa vidonge vya kuua vijidudu na kuambiwa ni mambo ya homoni. Mwalimu mwenzangu, ambaye dada yake alifariki kwa ugonjwa huuhuu, aliposikia hivyo hakubishana na mtu. Aliomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, akanishika mkono, tukaenda kupiga altrasaundi siku hiyohiyo.

Baada ya altrasaundi nilipelekwa kwenye kipimo cha kinyama. Wanakuchoma ganzi, wanaingiza sindano nene, na kila wakichukua kipande inatoa mlio kama stepla ya ofisini. Vipande vinakwenda maabara na wewe unarudi nyumbani kusubiri. Majibu ya kwanza yalisema ni saratani. Ya pili yalichukua muda zaidi, na hayo ndiyo ningependa kila mgonjwa na ndugu yake wayaulizie: kipimo cha vipokezi vya homoni. Saratani za titi si za aina moja. Zipo zinazolishwa na homoni ya kike iitwayo estrojeni, zipo zinazosukumwa na protini iitwayo HER2, na zipo zisizo na lolote kati ya hayo, na kila aina ina tiba yake. Yangu ilikuwa ya estrojeni. Ilikuwa imeshafika kwenye tezi za kwapani, ila haikuwa imekwenda mbali zaidi. Daktari alituandikia njia nzima kwenye karatasi moja: dripu kwanza ili uvimbe unywee, kisha upasuaji, kisha mionzi, kisha kidonge kila siku kwa miaka. Ile karatasi mjomba aliiomba, akaitoa nakala, na kila mwanakamati akapewa yake.

Nina bima ya afya kwa sababu ni mtumishi wa umma, na bima ilibeba sehemu kubwa ya gharama za hospitali. Nashukuru sana kwa hilo. Lakini bima hailipi nauli ya mtu wa kukusindikiza. Hailipi chakula cha nyumbani, wala msichana wa kuwaangalia watoto, wala siku ambazo mume wako hakwenda kazini. Mdogo wangu wa kiume alifungua daftari la michango kama la harusi. Watu walichanga kidogokidogo kila mwisho wa mwezi, shilingi elfu tano, elfu kumi, na kwa tiba inayokwenda zaidi ya mwaka huo ndio mchango unaofaa, maana ukipokea fungu kubwa siku ya kwanza halafu kimya, unafika katikati umeishiwa.

Wifi yangu alipewa faili na foleni. Anayejua hospitali zetu kubwa ataelewa kwamba hiyo ni kazi ya mtu mzima mwenye nguvu. Huku unapanga foleni ya usajili, kule foleni ya maabara, majibu ya damu yanasubiriwa dirisha jingine, dawa dirisha lingine tena, na ukikosea mpangilio siku imekwisha. Kabla ya kila dripu lazima damu ipimwe, na kama chembe zimeshuka unarudishwa nyumbani mpaka zipande. Wifi alikuwa na mfuko wa plastiki wenye vyumba, kila karatasi mahali pake, na kwenye ukurasa wa mbele alibandika jina la ugonjwa wangu, jina la kila dawa, na tarehe ya dripu ya mwisho. Karatasi hiyo ilikuja kuwa na thamani kubwa, nitaeleza.

Tulikuwa tunakwenda Dar es Salaam, Taasisi ya Saratani Ocean Road. Iko ufukweni kabisa, kwenye barabara ambayo tangu 2013 inaitwa Barack Obama, si mbali na Ikulu, na jengo lake la zamani lilijengwa na Wajerumani mwishoni mwa karne ya 19. Nilibahatika jambo moja: treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024, na matibabu yangu yalianza baada ya hapo. Anayeijua foleni ya Mlandizi na Kibaha kwenye basi, tumbo likiwa limevurugika na mfuko wa kutapikia uko mkononi, atajua maana ya kufika nyumbani chini ya saa mbili.

Dripu za mwanzo zina dawa nyekundu iitwayo doksorubisini. Wagonjwa tulikuwa tunaiita ile nyekundu. Haiachwi itiririke yenyewe. Sista anakaa pembeni anaisukuma taratibu, kwa sababu ikivuja nje ya mshipa inaunguza nyama. Siku hiyo mkojo unatoka mwekundu, na tulishaambiwa tusishtuke. Dawa hizi hushambulia seli zinazogawanyika haraka. Saratani ni mojawapo, lakini mizizi ya nywele nayo hugawanyika haraka, na ngozi laini ya ndani ya mdomo, na uboho wa mifupa unaotengeneza damu. Ndiyo maana nywele zinadondoka, mdomo unatoka vidonda, na damu inapungua, yote kwa pamoja.

Mimi kilichonitesa kuliko vyote ni harufu ya kitunguu kikikaangwa. Nilikuwa naisikia tangu kisu kinapogusa ubao. Jirani yangu wa ukuta kwa ukuta aligundua mwenyewe, sikumwambia. Siku moja alikuja akachukua sufuria zetu, mafuta yetu na unga wetu, akasema jikoni kwako hapawashwi moto wa kukaanga mpaka umalize hizo dripu. Kuanzia hapo watoto wangu walikula kutoka kwake mchana na jioni. Chakula changu kilikuja kimefunikwa, kimepoa, bila harufu: uji wa ulezi wenye karanga, ndizi za kuchemsha, supu ya kuku wa kienyeji iliyoenguliwa mafuta. Ulimi ulipokuwa na ladha ya chuma alinitengenezea maji ya ukwaju. Mama huyu ni Mwislamu, mimi ni Mkatoliki. Ramadhani yote, amefunga, alinipikia mchana akiwa na njaa yake. Sijaona sadaka inayozidi hiyo.

Nywele zilianza kutoka wiki ya tatu, mafungu kwa mafungu kwenye mto. Nilimwomba mama aninyoe, akakataa. Kwa mama yangu kunyoa kichwa ni jambo la msiba. Alishanyoa alipomzika baba, alishanyoa alipomzika dada yake. "Simnyoi mwanangu yupo hai," alisema, akatoka nje. Sikumlaumu. Shangazi, dada yake marehemu baba, ndiye aliyekuja na wembe mpya na beseni la maji ya uvuguvugu, na kabla hajaanza alimwita mama arudi ndani. Akampa kazi ya kushika kanga chini ya kidevu changu, nywele zisimwagike. Mama akashika. Walinyoa wakizungumza habari za mashamba ya Matombo na bei ya ndizi, na walipomaliza mama mwenyewe ndiye aliyenipaka mafuta ya nazi kichwani.

Sasa habari ya kipimajoto. Baada ya kila dripu, kwenye wiki ya pili hivi, chembe nyeupe za damu hushuka chini kabisa, na mwili unabaki bila ulinzi. Homa ya wakati huo si homa ya kawaida. Inaweza kuua ndani ya siku moja. Tuliambiwa: joto likifika 38, hospitali, usiku au mchana. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyekabidhiwa kipimajoto, akahamia kwetu. Alinipima asubuhi na jioni, na akiniona nimejikunyata alinipima tena. Usiku mmoja, saa nane, nilikuwa natetemeka chini ya mablanketi mawili. Kikasoma 38.4. Hakunipa panado wala hakusubiri kukuche. Alikwenda kumgongea kijana wa bajaji aliyekuwa ameshapangwa kwa kazi hiyo, naye alikuwa kwenye orodha ya kamati, na tukaondoka.

Kwetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Daktari wa zamu alikuwa kijana, amechoka, na alikuwa ameshaanza kuandika kipimo cha malaria. Mdogo wangu, ambaye ni fundi cherehani na hajasoma udaktari, aliweka karatasi ya wifi mezani, akasema kwa heshima: "Daktari, mgonjwa huyu yuko kwenye dawa za saratani, leo siku ya kumi tangu dripu, tuliambiwa chembe nyeupe zipimwe na aanzishiwe dawa ya mshipa." Daktari aliisoma, akainuka kwenye kiti. Nilianzishiwa dawa usiku huohuo kabla hata majibu hayajatoka, nikalazwa siku kadhaa, nikapona. Mpaka leo nikimtazama mdogo wangu amekaa kwenye cherehani yake, naona mtu aliyeniokoa maisha kwa kipimajoto na karatasi.

Maneno ya watu yalikuwa kazi ya mjomba. Alitangaza mapema kwamba mwenye neno la dawa ya mti, la mganga, la ndoto aliyoota au la nani kamroga nani, alipeleke kwake, siyo kwa mgonjwa. Walikwenda wengi. Aliwapokea wote, akawasikiliza, akawapa chai. Waliomuuliza kwa nini mimi, mtu nisiye na ugonjwa huo kwenye ukoo, aliwaeleza alichosoma: kwamba mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 duniani waligundulika na saratani ya titi, kwamba karibu nusu yao hawana kisababishi chochote kinachojulikana zaidi ya kuwa mwanamke na kuongeza umri, na kwamba hata wanaume huipata, ingawa ni wachache sana. Basi hao wote wamerogwa na nani? Kwangu yalikuwa yanafika maombi tu na salamu. Nilisali na kusaliwa sana, na jumuiya yetu ndogo ndogo ilikuwa inakuja Jumamosi, inasali kwa ufupi, halafu inafua nguo.

Kwenye mabenchi ya Ocean Road swali la kwanza watu wanaulizana si unaumwa nini, maana hilo linajulikana. Wanauliza: umekuja na nani? Nilikaa karibu na mama mmoja kutoka mkoa wa Rukwa aliyejibu kwamba amekuja na Mungu. Safari yake ilikuwa ya siku mbili, analala kwa mtu anayemjua kwa mbali, na nyumbani ameambiwa ng'ombe wa mwisho ameshauzwa. Alikuwa anafikiria kurudi na kuacha dripu zilizobaki. Wifi yangu hakumpa pole. Alichukua kadi yake, akaiweka kwenye mfuko wake wenye vyumba, na kuanzia siku hiyo akapanga foleni za watu wawili. Tarehe zetu zilikuwa zinaangukia siku moja, kwa hiyo ilikuwa hivyo mpaka mwisho, na kamati yetu ilimchangia nauli ya kurudi kila mara. Alimaliza. Lakini wapo niliowaona mara mbili tatu kisha viti vyao vikakaliwa na wengine, na wakati mwingine hawakuwa wamezidiwa; nauli tu ilikuwa imekwisha, au hakukuwa na mtu wa kumwachia watoto. Hilo linaniuma kuliko kovu langu. Dawa ipo, daktari yupo, na mtu anarudi nyumbani kufa kwa kukosa kitu ambacho kamati ya harusi ya kawaida ingekitoa kwenye fungu la soda.

Mume wangu hakugawiwa kazi kwenye kile kikao. Alijigawia mwenyewe siku tulipoambiwa titi litaondolewa lote. Alisema, "Kidonda ni changu." Nilikuwa nimesikia mengi kwenye yale mabenchi kuhusu waume wanaoondoka, na sitasema sikuogopa. Baada ya upasuaji nilitoka na mpira mwembamba ubavuni unaotiririsha maji kwenye kichupa cha plastiki. Asubuhi na jioni alinawa mikono mpaka viwikoni, akakifungua, akapima kwa mililita, akaandika kwenye daftari la mistari: tarehe, saa, kiasi, rangi. Yaliposhuka chini ya mililita 30 kwa siku, daktari alilitazama daftari lile, akamwambia angetamani wanafunzi wake waandike hivyo, kisha akautoa mpira. Kovu mume wangu aliliona kabla yangu. Aliniacha nichukue muda wangu, na siku niliposema niko tayari alileta kioo, akakaa kitandani upande wa kushoto, upande uleule, na hakuhama.

Tezi za kwapani zikitolewa, mkono wa upande huo unakuwa wa kutunzwa maisha yote. Haupimwi presha, hauchomwi sindano, haubebi ndoo, na mchubuko mdogo shambani unaweza kuuvimbisha. Tena unataka mazoezi la sivyo bega linaganda. Zoezi lenyewe ni kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole taratibu mpaka panapouma. Mwanangu wa mwisho, wa darasa la tatu, alijipa kazi ya kuweka alama ya penseli pale vidole vyangu vilipoishia kila siku. Siku nilizotaka kuishia chini ya alama ya jana aliniambia, "Mama, kidogo tu," kwa sauti ileile ninayotumia mimi darasani. Alama zile bado zipo, zimepanda kutoka usawa wa kifua mpaka juu ya fremu ya mlango, na fundi rangi ameambiwa asiziguse. Mdogo wangu wa cherehani alinishonea sidiria zenye mfuko wa ndani na titi la pamba lenye uzito wa kutosha, lisipande juu ninapoandika ubaoni.

Mionzi yenyewe haiumi. Unalala, wanakupanga kwa kufuata alama za wino walizokuchora, ambazo huruhusiwi kuzisugua, wanatoka, mashine inanguruma dakika chache, basi. Ugumu wake ni kwamba ni kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, wiki baada ya wiki. Nilikaa Kigamboni kwa binti wa mama mkubwa, aliyenipa kitanda chake yeye akalala na watoto. Asubuhi tulivuka na kivuko mpaka Magogoni, na upepo ule wa bahari ulinifaa, maana ngozi ilikuwa imeshaanza kuwa nyeusi na kuwaka moto. Nilivaa madera mapana ya pamba, ya kwake mengi.

Shuleni walimu wenzangu walikuwa wamegawana vipindi vyangu muda wote huo. Niliporudi nilikuta maandalio ya somo yameandikwa mpaka wiki ile, kila mmoja kwa mwandiko wake, na kwenye jedwali la vipindi jina langu halikuwa limefutwa hata mara moja.

Sasa ninameza tamoksifeni, kidonge kimoja kila jioni. Kinaziba mlango ambao estrojeni ingepitia kuilisha saratani, na nitakimeza kwa miaka 5, pengine 10. Kinaniletea joto la ghafla linalonifanya nivue kitenge katikati ya misa, na wifi huniuliza kila Jumapili kama nimekimeza, ingawa anajua nimekimeza. Titi la kulia linapigwa picha kila mwaka. Kliniki ijayo ni mwezi ujao, na mama ameshasema safari hii wifi apumzike, atanisindikiza yeye. Faili anaweza kubeba, anasema, na hiyo treni hajaipanda bado.